Kelele Nyuma ya Mama

Kaka yangu aliingia ofisini kwangu na flashi mfukoni na karatasi mkononi. Flashi ningeivumilia. Karatasi ndiyo iliyonichefua.

Ofisi ni jina tu. Ni chumba nilichopanga nyuma ya duka la vifaa vya shule, chenye meza moja, kompyuta moja, spika mbili na magodoro mawili membamba niliyoyagongelea ukutani ili sauti isirukeruke. Hapo ndipo ninapohariri video za watu: harusi, mahafali, mtoto anayetambaa kwa mara ya kwanza. Wateja wangu wote wana ombi moja, nitoe kelele. Wanadhani kelele ni vumbi, unapuliza tu. Wiki hiyo hiyo mama mmoja alikuwa ameniomba nitoe sauti ya mama mkwe wake kwenye sherehe nzima, lakini picha yake ibaki, asije akanuna.

Kaka tunamwita Meneja. Hajawahi kuwa meneja wa chochote. Jina alilipata utotoni, kwa sababu kazi zote za nyumbani alizipanga yeye na nikazifanya mimi. Alikaa kwenye kiti cha mteja, akaiweka ile karatasi mbele yangu na kuinyoosha kwa kiganja.

"Mdogo wangu, mwezi ujao mama anatimiza mwaka tangu atutoke. Nataka ukoo wote uje kwangu tuangalie filamu yake. Video ninazo, zile nilizokuwa namrekodi nikija. Wewe nisafishie sauti tu. Nimekuandikia na vya kutoa, usipate taabu."

Nikasoma. Feni. Mbwa wa jirani. Ndoo. Vyombo. Mtu anayepitapita.

"Huyu mtu anayepitapita ni nani?"

"Si ni wewe," akasema, bila hata kupepesa macho. "Kila video unapita. Pa, pa, pa, na zile ndala zako. Mara ndoo, mara sufuria. Mama anaongea maneno mazuri, huku nyuma kama sokoni."

Niliishi na mama miaka minne ya mwisho. Kisukari kilianza na macho, kikaja miguu. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke, nikafua mashuka mpaka vidole vikapauka. Kompyuta niliiweka mezani karibu na mlango wake, nikawa nahariri harusi za watu huku sikio moja liko kwake. Akiita tu, "Mwanangu," mimi nimeshajibu, "Nakuja, mama." Kaka alikuja Jumapili ya kwanza ya kila mwezi na mfuko wa machungwa. Alikaa dakika ishirini. Kumi kati ya hizo alikuwa ameshika simu mbele ya uso wa mama anamuuliza, "Mama, unanisikia? Ni mimi mwanao." Kisha alituma kwenye kundi la familia, na familia ikammiminia pongezi.

Mimi sikuonekana kwenye video hata moja. Ningeonekana saa ngapi? Kaka akija ndipo nilipopata mtu wa kukaa na mama, basi nilikimbilia kufua, kuosha vyombo na kupiga deki kabla dakika zake ishirini hazijaisha.

Na hilo ndilo lililonimaliza. Mama mdogo, dada yake mama wa tumbo moja, anaishi mbali na magoti yake yalishagoma safari. Miaka yote minne alimwona dada yake kwenye simu tu, na kwenye simu kulikuwa na uso wa mama na sauti ya kaka, basi. Siku ya mazishi waliletwa wawili, yeye na fimbo yake, akanikagua kutoka nywele mpaka kidole gumba, akasema mbele ya watu wote: "Dada yangu kafa kama hana mtoto wa kike. Unakula humo, unalala humo, hata kukaa naye ukashindwa." Nikafungua mdomo. Akaniambia ninyamaze, maiti iko ndani. Kaka alikuwa amesimama pale pale, mkono wake ungeweza kunigusa, akawa anaangalia viatu vyake. Tangu siku hiyo mama mdogo hapokei simu yangu.

"Mama mdogo atakuja?" nikamuuliza Meneja.

"Namtumia gari. Atakaa mbele kabisa."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaniwasha. Kitu pekee kilichobaki duniani cha kuonyesha kwamba nilikuwepo ni zile kelele, na huyu bwana alitaka nizifute kwa mikono yangu, halafu amkalishe mama mdogo mbele aangalie. Ningemrushia flashi yake. Sikumrushia kwa sababu moja. Mimi sina video ya mama. Hata moja. Mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine. Nikaichukua flashi, nikamwonyesha mlango.

Watu wasiofanya kazi hii hawajui kwamba kelele si za aina moja. Feni ni rahisi. Unatafuta sekunde mbili ambazo hakuna anayesema, unaionyesha kompyuta kwamba mvumo huu ndio adui, nayo inaupunguza video nzima. Unapunguza kidogo, unasikiliza, unapunguza tena, maana ukizidisha mtu anasikika kama anaongea ndani ya bomba. Ndala si feni. Hatua ya mtu haina mpangilio, inapita juu ya maneno, na programu yangu haiwezi kuitofautisha na kidole kinachogonga meza. Inabidi ukate kwa mkono, hatua moja moja. Halafu kila penye tundu unabandika kipande cha ukimya wa chumba kile kile, maana ukiacha patupu sikio linashtuka.

Nina tabia moja ya kazi, na wenzangu hunicheka kwayo. Ninachokitoa sikitupi. Nakiweka kwenye mstari wake chini ya picha, na kabla sijamkabidhi mteja kazi, nazima mstari wa juu wenye sauti safi na kusikiliza kilichotolewa peke yake. Nikikuta neno la mtu humo najua nimekata kupita kiasi, nalirudisha.

Kwa siku nane nilikuwa kwenye kiti kile najikata mwenyewe. Pa, kata. Pa, kata. Ndoo, kata. "Nakuja, mama," kata. Kuna saa nilikuwa nacheka kwa hasira. Ungeniona ungesema nimechanganyikiwa, na usingekosea sana.

Siku ya tatu nilizima sauti ili masikio yapumzike, video ikaendelea kwenda bila sauti, ndipo nilipoiona shingo. Mama alikuwa haoni, macho yake yalitulia popote. Uso wake haukutulia. Kaka yuko mbele ya pua yake anamuuliza kama anamsikia, mama anajibu, lakini uso unakwenda kushoto taratibu, unasimama, unarudi kulia, unasimama, unatabasamu. Nikarudisha zile sauti nilizokata. Pa, pa, pa, kwenda jikoni. Pa, pa, pa, kurudi bafuni. Mama alikuwa ananifuata. Kila video niliyofungua, muda wote ambao kaka alikuwa anajirekodi, mama alikuwa ananifuata kwa sikio chumba hadi chumba.

Nililia, sitaki kudanganya. Nilipomaliza kulia nikampigia Meneja simu.

"Kaka, kuna tatizo. Kwenye hizi video mama anageuka. Anageukia kule niliko. Nikitoa sauti zangu atakuwa anageukia hewa."

"Toa tu."

"Watu wataona."

"Watu wataangalia uso, nani anaangalia shingo? Usinitafutie visingizio, mdogo wangu. Kama kazi imekushinda sema, wako wengi."

Kazi imenishinda! Mimi! Nikamwambia haijanishinda, na kwamba nitamsafishia mpaka ashangae mwenyewe. Nilikata simu kabla hajaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ilibaki video ya mwisho, ya ishirini na tatu kati ya zile alizohifadhi. Hiyo kaka alikuwa ameiandikia maelezo yake kwa kalamu nyekundu: ianzie mama anaposema "Haya", yaliyotangulia yakatwe, muziki laini uingie, na yaandikwe maneno chini, Mama alikuwa tayari kwa safari. Nikaifungua. Mama ameegemezwa mito, mwanga wa dirishani unampata shavu, anasema, "Haya. Nasubiri," na kutabasamu. Ungeitazama ilivyo ungedhani anaongea na malaika.

Nikarudi nyuma nusu dakika nisikilize yaliyotangulia. Mama anasema, "Mwanangu, maji." Anasema tena, "Maji." Halafu kutoka bafuni, juu ya mchuruziko wa bomba, sauti inapasuka: "Subiri basi, mama! Nina mikono miwili tu!"

Ni yangu. Nilikuwa nafua shuka la tatu siku hiyo. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, lakini ukali ni ukali, na mama alikuwa haoni, hawezi hata kunyoosha mkono. Ndipo anaposema, "Haya. Nasubiri." Akatabasamu kwa sababu alikuwa ananijua. Kumbe pembeni ya picha, kwenye stuli, lilikuwepo jagi la maji na bilauri, na goti la kaka limeligusa. Hakusema kitu. Simu haikutikisika hata kidogo.

Kile kipande cha ukali wangu nilikikata kabla ya vingine, na sikuhitaji karatasi ya mtu kuniambia.

Jumapili ya kumbukumbu, saa nane mchana, sebule ya kaka ilijaa. Mapazia yalifungwa, viti vya plastiki vya kukodi vilipangwa mpaka mlangoni, na mimi nikaunganisha kompyuta yangu na televisheni yake kubwa na kukaa kwenye stuli pembeni. Ndala zangu niliziacha mlangoni pamoja na viatu vya wengine. Mama mdogo aliketi kwenye kochi la mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," aliuambia ukuta.

Meneja akasimama kutoa hotuba. Alisema mama alikuwa rafiki yake. Alisema alimuuguza mpaka mwisho, na kwamba kuuguza mzazi ni baraka asiyoipata kila mtu. Watu wakaitikia. Niliuma meno mpaka taya likauma. Kisha akaniashiria kwa kidole nianze, kama anavyomwashiria mhudumu wa hoteli.

Sauti ilikuwa safi. Nasema hivyo kama fundi. Hakuna feni, hakuna mbwa, hakuna mimi. Mama alisikika kana kwamba amekaa nasi. Video ya kwanza watu walifuta machozi. Ya pili pia. Katika ya tatu niliona mama mdogo ameacha kufuta machozi. Ya nne alisogea mbele ya kochi, kidevu juu ya fimbo.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Kwenye kioo cha televisheni uso wa mama ulikuwa umegeukia kushoto, unatabasamu, na kushoto hakukuwa na kitu.

"Dada alikuwa anamgeukia nani?"

"Alikuwa haoni, mama mdogo," kaka akasema, kwa ule upole wa kumweleza mtoto.

"Najua alikuwa haoni, usinifundishe dada yangu. Ndiyo maana nauliza. Wewe uko mbele yake, sauti yako iko mbele yake, yeye anageukia kule. Tangu ya kwanza namwangalia, anageukia kule. Alikuwa anasikia nini kule?"

"Ah, kelele tu. Kelele za nyumbani. Tulizitoa, zilikuwa zinaharibu."

"Nani kazitoa?"

"Mimi," nikasema.

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi mama mdogo alinitazama. "Umezitupa?"

"Huwa situpi."

"Niwekee nizisikie."

"Mama mdogo, tumalize kwanza filamu," kaka akadakia. "Mwisho wake ni mzuri sana, utaupenda."

"Nimesema niwekee."

Nilizima mstari wa juu, nikafungua wa chini. Sauti ya mama ikaondoka, ya kaka ikaondoka, ikabaki picha na kelele. Pa, pa, pa. Uso wa mama ukaenda kushoto. Ndoo ikatuliwa. Uso ukasimama. "Nakuja, mama." Tabasamu. Pa, pa, pa. "Naanika shuka hili, mama, narudi sasa hivi." Nikaweka ya pili, ya tatu, ya kumi. Mbele ya ukoo mzima mama alikuwa ananifuata, na sasa kila mtu alisikia anachokifuata. Mama mdogo alikuwa amefumba macho. Shingo yake ilikuwa inakwenda kushoto na kulia.

Ilipofika ya ishirini na mbili kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningeweza kuishia hapo. Nilishapata nilichokuja kukitafuta, na mle ndani hakuna aliyejua kwamba iko nyingine yenye sauti yangu ya ukali. Lakini nilikuwa nimewakasirikia wote kwa kukata vipande visivyowafaa, na mimi nilikuwa na kipande changu kisichonifaa. Nikafungua mistari yote miwili, wa juu na wa chini, nikarudisha na ile nusu dakika ya mwanzo, na kuiacha video ya mwisho iende yote.

"Mwanangu, maji," mama akasema. "Maji."

"Subiri basi, mama! Nina mikono miwili tu!"

Kuna mtu nyuma alisema, "Yesu." Nikahisi macho yao mgongoni. Niliacha yanichome.

"Haya," mama akasema pale kwenye kioo, na jagi liko pembeni yake, na goti limeligusa jagi. "Nasubiri."

Kaka alisimama. "Hiyo haikuwa hivyo! Mimi nilimwambia akate! Mnasikia wenyewe jinsi alivyokuwa anamjibu mama yetu?"

"Tumesikia," mama mdogo akasema. "Hilo goti ni la nani?"

Kaka akanyoosha mkono kwenye kompyuta yangu.

"Nauliza, hilo goti lililo kwenye jagi ni la nani?"

"Mama mdogo, mimi nilikuwa narekodi."

Alilisema hivyo hivyo, kama sababu. Nadhani alilisikia mwenyewe lilivyotoka, kwa sababu alikaa chini bila kuambiwa, na hakunyanyua tena kichwa.

Mama mdogo akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

Nilidhani siku nikiulizwa swali hilo nitalainika. Wapi! Mwaka mzima wa hasira ulinipanda kwa mkupuo mmoja, adabu ikakaa pembeni.

"Nimekupigia simu mara kumi na moja, mama mdogo. Nimezihesabu. Siku ya mazishi nilifungua mdomo, ukaniambia ninyamaze. Nikuambieje? Nikuandikie ukutani? Hata leo hukuniuliza mimi, umeiuliza kompyuta!"

"Ongea vizuri na mkubwa," kaka akanong'ona.

"Wewe nyamaza," mama mdogo akamwambia, bila kumtazama. Mimi alinitazama, na kwa vile uso wake na wa mama ni mmoja, ilibidi nigeukie pembeni. Nikachomoa waya wa televisheni. Kioo kikawa cheusi. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Mwanangu," akaita nyuma yangu. "Njoo hapa."

Neno likapanda lenyewe mpaka kwenye ulimi. Nakuja, mama. Miaka minne limekuwa likipanda lenyewe, hata usingizini, hata sasa ambapo hakuna wa kuniita. Nikalimeza.

"Subiri, mama mdogo," nikasema. "Nina mikono miwili tu."

Ukoo mzima uligeuka kumtazama, kuona atanifanya nini. Aliiweka fimbo yake sakafuni, akaegemea kochi, akaviweka viganja vyake juu ya magoti mabovu.

"Haya," akasema. "Nasubiri."

Nikazikunja nyaya zangu moja baada ya nyingine, taratibu kuliko nilivyowahi kuzikunja, naye akasubiri mpaka ya mwisho.